Nimetumwa na Kibiriti

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwako Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo Bibi. Ninapoandika hapa nakuona umekaa jikoni karibu na moto, mama mdogo ameishika karatasi hii kwenye mwanga wa mlango, nawe unamwambia asome polepole kwani hafukuzwi. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeshampa jirani kama kawaida yako? Na mvua imefika Mwika, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sisi huku tu wazima. Joto limetukaba shingo lakini tu wazima, na mimi Bibi nimenenepa. Usicheke. Ni furaha.

Kwenye simu unasema sauti inakupigia kelele sikioni, na mama siwezi kumwambia mambo haya, atasema nimekosa adabu. Wewe ni mtani wangu, wewe nitakuambia. Bibi, nimeolewa na mtu! Naamka asubuhi namkuta ameshachemsha chai, ameifunika kwa kisahani isipoe, naye yuko mezani anaandika kabla wenye maduka hawajafungua milango na makelele kuanza. Nakiangalia kisogo chake kilivyoinama, namuuliza Mungu kimoyomoyo, hivi huyu umenipa mimi kweli, hukukosea mlango? (Mama mdogo, usiruke hapa. Msomee.)

Siku ya kuniaga uliuliza mbele ya ukoo mzima, "Huyu kijana wa Muheza anafanya kazi gani hasa?" Wakakujibu kwamba anaandika vitabu vya watoto. Ukasema, "Hiyo ni ya jioni. Ya mchana ni ipi?" Watu wakacheka, na Elisha wangu akacheka nao. Bibi, hata mimi sikuijua vizuri kazi yake mpaka majuzi. Nilijua anakaa mezani, basi. Sasa nimeiona, na tangu niione natembea kama mtu aliyetoka kanisani siku ya Pasaka.

Uijue kwanza hadithi yenyewe. Soko kubwa la hapa lina sehemu iliyo chini ya ardhi, watu wanaiita shimoni. Elisha katika vitabu vyake anasema chini ya shimoni kuna shimoni jingine, na huko kuna soko ambalo wakubwa hawalioni. Hawauzi vitunguu huko. Wanauza vivuli, wanauza mwangwi, wanauza harufu ya mvua ya kwanza iliyofungwa ndani ya chupa. Binti mmoja, Tatu, anateremka na kupata rafiki hukohuko, anaitwa Kibiriti, ambaye akikasirika nywele zake zinatoa cheche. Katika kitabu cha pili Kibiriti anamsaliti Tatu. Kwa woga tu, anawaonyesha maadui mlango wa siri. Tatu anaponea chupuchupu. Kibiriti anafukuzwa, mlango unafungwa, anabaki nje gizani peke yake, kwa kuwa sheria ya soko inasema aliyeuza mlango haingii tena. Kitabu cha tatu kilikuwa kimekwisha na kiko kwa mhariri, na humo Kibiriti alikuwa anabaki hukohuko nje mpaka ukurasa wa mwisho.

Sasa Jumamosi moja mwenye duka la vitabu na madaftari, huku mtaa wa Msimbazi, akaalika watoto waje wamuulize mwandishi maswali. Juu ya duka ana stoo, basi wakakaa juu ya maboksi ya madaftari: watoto wa wenye maduka, watoto wa Upanga walioletwa na bajaji, wengine wametoka madrasa moja kwa moja na kofia zao. Nje muuza vitu vya elfu mojamoja na kipaza sauti hanyamazi, "Buku, buku, kila kitu buku!" Elisha akaingia na lile shati la bluu nililolipiga pasi mimi kwa mikono yangu.

"Shikamooo!" Dari ikatikisika.

"Marahaba. Haya, nani ana swali?"

Mikono yote juu, Bibi, na wengine mikono miwili.

"Anko, hadithi unazipata wapi?"

"Nyingine naziokota. Nyingine naziiba."

"Unamwibia nani?"

"Watu wanaoongea kwa sauti kwenye foleni ya chapati."

"Unaandika kwa mkono au kwa kompyuta?"

"Kwa mkono kwanza. Kompyuta inanisahihisha kabla sijakosea vizuri."

"Kule chini kivuli kinauzwa bei gani?"

"Inategemea. Cha asubuhi ni kirefu, kwa hiyo ni ghali."

"Muongo! Hata cha jioni ni kirefu!"

"Cha jioni ni mtumba."

Wakaanguka kwa kicheko. Kisha kitoto kimoja kikauliza, "Umeoa?" Elisha akaninyooshea mkono nilikosimama nyuma. "Yule pale, mwenye kitenge cha njano." Stoo nzima ikageuka kunitazama, "Eeeeh!" Kile kitoto kikauliza tena, "Yumo kwenye hadithi?" Akasema, "Hapana. Huyo nisingeweza kumtunga." Bibi, nilijifanya napanga kalamu kwenye rafu.

Halafu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza mambo ya hospitali, "Anko, lakini lile soko lipo kweli?" Hakuna aliyecheka. Elisha akachuchumaa wakawa sawa macho kwa macho. "Mimi nimeutafuta mlango wake tangu nikiwa na umri wako," akamwambia. "Sijauona. Ndiyo maana naandika." Yule mtoto akaitikia kwa kichwa taratibu kama mzee aliyekubaliana na mzee mwenziwe. Nikaona nyuso zile, Bibi, zaidi ya hamsini, hakuna hata moja iliyokuwa kwenye stoo ile. Zote zilikuwa kule chini, kwenye soko lake. Mume wangu aliwateremsha kwa maneno tu, mikono mitupu.

Ndipo wakaanza kuuliza kuhusu Kibiriti. Kila anakokwenda wanamuuliza hilo, ameshalizoea. Kibiriti atarudi? Kwa nini asirudi? Alikuwa anaogopa tu! Jibu lake ni lilelile, "Sheria ya soko ni sheria. Nikiipinda kwa sababu tunampenda Kibiriti, soko lote litakuwa mchezo." Wakanung'unika. Mmoja akasema, "Anko, una roho ngumu," na Elisha akacheka, lakini hakurudi nyuma.

Akasimama binti wa miaka tisa hivi, gauni la kanisani, nywele zimesukwa zikang'aa. Anaitwa Ndeshi. Baba yake ni Mchagga wa Machame, anauza sufuria na sahani maduka machache kutoka pale. Akapita katikati ya maboksi mpaka mbele, na mikononi mwake, Bibi, ameshika jani la sale. Bichi. Limefungwa fundo.

Akalitoa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. "Nimetumwa na Kibiriti," akasema. "Anasema samahani."

Wewe huhitaji kuelezwa. Kwetu sale lililofungwa fundo ni kuomba msamaha, na mkono ukishalipokea umeshasamehe, hata kama kosa ni la damu. Lakini Elisha ni Mbondei. Kwao jani ni jani. Akatabasamu, akalipokea, akasema, "Asante sana mama, jani zuri," akalichomeka kwenye mfuko wa shati.

Watoto wa Kichagga mle ndani wakaruka kwa makofi. Wengine hawakujua kinachoshangiliwa, wakapiga nao. Mlangoni baba yake Ndeshi alikuwa amesimama, akavua kofia. Elisha akapunga mkono akidhani anaagwa.

Nilimwambia tulipofika nyumbani, hata viatu hajavua. Akacheka kwanza. "Mke wangu, nimepokea jani kutoka kwa mtoto." Nikasema, "Umepokea msamaha wa watu. Yule mtoto ameondoka pale anajua Kibiriti amesamehewa." Akaacha kucheka. Akalitoa mfukoni akaliangalia kama kitu kinachoweza kuuma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, uko mbele ya watu?"

"Mimi si Mchagga, Aika."

"Umeoa wapi?"

Lakini Bibi, niliogopa. Nilijua anaweza kusema ni mambo ya watoto, akalitupa, kitabu kikaenda kiwandani kama kilivyo, na hakuna polisi atakayemkamata. Nilijua pia nikimwona analitupa, nitaendelea kumpikia na kumpenda, ila kuna kitu kitazimika ndani yangu ambacho sitaweza kukiwasha. Sikumwambia hivyo. Nilikaanga samaki tukala.

Jumatatu akasema anakwenda dukani kwa baba yake Ndeshi kueleza ukweli kwamba hakujua. Nikafuatana naye. Tukamkuta anafunga sahani za harusi ya mtu. Elisha akaeleza yote, na jani mkononi. Yule baba akamsikiliza, akafuta mikono, akasema kwa upole, "Mwalimu, sale halirudishwi, lakini wewe hukujua, hatuwezi kukufunga kwa mila isiyo yako. Na limekatwa kwenye mche tulioupanda ndani ya ndoo ya rangi, kule barazani kwetu, mama yake aliuleta kutoka nyumbani tuliporudi Krismasi. Kitabu ni chako. Nitamweleza mwanangu, usiwe na wasiwasi."

Akawa huru, Bibi. Pale pale, mbele yangu. Angeweza kusema ahsante tukaenda zetu.

Nyuma ya lundo la sufuria kikatokea kichwa cha Ndeshi, na sare ya shule. Hakulia wala hakununa. Akauliza tu, kama mtu aliyetumwa anavyouliza, "Kwa hiyo Kibiriti nimwambieje?"

Nilihesabu sufuria nisimtazame Elisha. Kisha nikamsikia, "Mwambie nimepokea."

Mhariri alifoka kwenye simu mpaka nikasikia nikiwa jikoni. "Kitabu kiko njiani kwenda mtamboni!" "Kirudishe." "Kwa sababu gani?" "Nimeletewa sale." "Umeletewa nini?" Ilibidi nichukue simu mimi nimweleze mama wa watu, naye kwa bahati ana shemeji Mchagga. Akapumua kwa nguvu, akatupa muda mpaka Ijumaa.

Lakini sheria ndiyo ilimtesa. Alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Nikifungua tu ule mlango, watajua," akaniambia. "Watoto ndio wa kwanza kujua. Watasema kumbe anaweza kufanya lolote, basi hata Tatu hakuwa hatarini." Kisha akaniuliza, "Sale likishapokewa, kwenu kinafuata nini?" Nikamwambia watu wanakaa, wanakula pamoja, wazee wanakunywa mbege. "Wanakula wapi?" "Popote. Hata uani." Akasimama. "Hata uani?" Akavuta kiti, na kuanzia hapo sikuwa na mume, nilikuwa na kisogo. Chai niliifunika mimi.

Jumamosi tukarudi kwenye lile duka la sufuria, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akamsomea Ndeshi sura ya mwisho. Kariakoo yote inapita nje na mizigo yake, yeye anasoma. Tatu anafika mlangoni, mlinzi anamwambia sheria ni sheria, Kibiriti haingii. Tatu habishani. Anarudi ndani, anabeba mkeka, anabeba chungu, anapita mlangoni na kutoka yeye. Anatandika gizani, anapakua. Muuza vivuli anaona, naye anatoka na taa yake. Muuza mwangwi anatoka. Mmoja mmoja, na sahani zao, mpaka soko zima limekaa nje linakula na Kibiriti, na ndani hakuna mtu isipokuwa mlinzi na sheria yake.

Akakunja karatasi zake. Baba yake Ndeshi alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia sahani, hafuti. Ndeshi amekunja mikono kifuani, anafikiri. Nikajua ndiye hakimu, na kwamba mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anamngoja atoe hukumu.

"Anko," akasema, "Kibiriti alishiba?"

Bibi, Elisha wangu aliyejibu maswali ya watoto hamsini bila kumeza mate, alinigeukia mimi. Macho yamejaa. Basi nikajibu mimi.

"Alishiba, mama. Akabakiza."

Ndeshi akaitikia kwa kichwa, akaokota mkoba wake, akaenda kumpelekea Kibiriti habari.

Nisalimie baba na mama, uwaambie tu wazima, mengine uyaache kwako. Msalimie baba mdogo na ng'ombe wake, mama mkubwa wa kwaya, na shemeji zangu wote hapo juu. Mama mdogo, asante kwa kusoma, na sehemu ulizoruka nitazijua. Elisha anakuamkia sana, Bibi, amesema shikamoo mara mbili, moja ya Kibondei.

Mungu akutunze goti na meno.

Ni mimi mjukuu wako, mke wa mtu,
Aika