Jozi ya Mnara

Esquina, Corrientes
9 Mei 1982

Dada Hortensia,

Pokea salamu za mtu uliyeapa hutaki kumsikia. Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya huko Rosario imeshaanza kuuma? Hapa mwili ni mzima. Miaka tisa si mchezo, najua, na hii ni mara ya kwanza naandika jina lako tangu matanga ya mama.

Sitazunguka. Mwanangu Anselmo yuko vitani na Waingereza, kule visiwa vya Malvinas. Walimtoa kambini Aprili, hata sweta niliyomfumia hakuondoka nayo. Barua yake ya mwisho inasema wanachimba mahandaki na maji yanajaa ndani. Tangu hapo kimya. Kila nikienda kambini kuuliza, yule sajini wa mlangoni ananiambia, "Mama, rudi nyumbani, ukitakiwa utaitwa."

Chakula hakipiti. Leo nimezitoa zile karata za mama za kupigia ramli, ile nusu ya karata kumi na moja niliyokunyang'anya mezani, mama hana hata siku mbili kaburini. Sikujifunza kuzisoma, wewe ndiye uliyekaa miguuni pake. Lakini nakumbuka maneno yake: karata moja ni umbea, mbili ndiyo habari. Ya kushoto inasema kilichofika, ya kulia inasema kinachofuata. Basi nikafumba macho, nikavuta kwa mkono wa kushoto, nikauliza kama mwanangu yu hai. Umetoka Mnara. Wale watu wawili waliochorwa wakianguka nimewatazama mpaka macho yakauma.

Ya pili naogopa kuivuta kwenye nusu yangu, maana najua nilichonyakua: Shetani, Mtundikwa, na ile isiyo na jina yenye fuvu na mundu. Mazuri yote yalibaki kwako. Nakutumia Mnara humu. Uweke kushoto, uvute ya kulia kwenye zako, unijibu. Ukitaka kunitukana nitukane, mradi ujibu.

Mdogo wako,
Delmira


Rosario
17 Mei 1982

Delmira mdogo wangu,

Barua yako imefika asubuhi hii, nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mgongo unauma kama kawaida yake, achana nao. Nilikuwa na matusi ya miaka tisa, nimeyapanga vizuri, na sasa silioni hata moja. Yule mtoto nilimwogesha mimi, wewe ukiwa hoi kwa homa ya uzazi.

Hebu nikuchekeshe kidogo. Mtaa mzima unanisifu kwamba kwa Hortensia hayatoki mabaya. Yatatokaje, na kifo umekifungia kabatini kwako? Nimesomea watu kwa jicho moja miaka yote hii, na wanalipa na kurudi.

Nimefanya kama mama. Kitambaa cheusi, glasi ya maji, Mnara kushoto. Nimevuta Nyota. Sasa nisikilize vizuri. Mnara peke yake ni kuanguka, lakini ya kulia ndiyo yenye neno la mwisho. Na Nyota ni yule mwanamke aliye uchi kando ya maji. Hana nguo, hana paa, lakini anapumua na mikono yake inafanya kazi. Huyo ni mtu aliyeanguka, akanyang'anywa kila kitu, na yu hai. Pengine ni mfungwa, pengine yuko hospitali. Yu hai, Delmira. Kula.

Nakurudishia Mnara, na Nyota naitia pamoja nao. Ziweke ubavu kwa ubavu mahali unapoziona.

Dada yako,
Hortensia


Esquina
20 Juni 1982

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Na mgongo? Mimi ninakula, hata majirani wanasema nimeanza kurudi. Jozi yako nimeiweka chini ya picha ya Bikira Maria wa Itatí. Namuamkia Bikira kwanza, kisha Nyota, nadhani haoni wivu.

Vita vimekwisha na wafungwa wanarudishwa kwa meli. Nimetandika kitanda chake, nimeoka chipá, vile vimkate vya jibini, nimegawa, nimeoka tena. Juzi nilijikuta naimba jikoni.

Kuna kitu kidogo nikuambie. Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja wa magongo, Fabián Ledesma wa Goya, miguu imeoza kwa baridi ya kule. Anasema walilala handaki moja na Anselmo. Akavua kofia, akaanza, "Mama, nimekuja kukuambia kwamba Anselmo..." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Wewe hujui lolote. Mimi nimeshapata habari zake." Akasema, "Mama, nilikuwa naye." Nikamwambia, "Nenda kamdanganye mama yako." Nikamfungia mlango usoni.

Akaacha saa dirishani. Inafanana na ya Anselmo, lakini saa zinafanana, zimetengenezwa nyingi. Naitia ufunguo kila asubuhi, kwa sababu saa ya mtu haifai kuachwa ilale. Mwenyewe atakuja kuifuata.

Niambie nilifanya vizuri.

Mdogo wako,
Delmira


Esquina
1 Julai 1982

Dada,

Hujanijibu. Unaumwa? Wafungwa wamerudi. Nimesimama mlangoni pa kambi siku tatu, wameshuka wote, mama zao wamewachukua. Yule sajini hanitazami tena machoni. Vuta nyingine. Nakuomba kwa kaburi la mama, vuta nyingine.

Delmira


Rosario
6 Julai 1982

Delmira,

Sikuulizi hali, sina uso wa kuuliza.

Barua yako ya ile saa imekaa mezani kwangu siku kumi. Nyota sikuivuta. Nilifumba macho, nikavuta kwa mkono wa kushoto kama inavyotakiwa, na nilipofumbua niliona Mwezi. Unaikumbuka karata ile, mbwa wawili wanabweka, maji, na hakuna mtu. Kwenye Mnara watu wanaanguka, na karata inayofuata hakuna mtu. Ningekuwa sijui kusoma ningekuwa na nafuu.

Nikaurudisha. Nikazigeuza karata zote kumi na moja zikanitazama, nikachagua Nyota kama ninavyochagua nyanya sokoni. Mama alitufundisha kwamba karata iliyochaguliwa haisemi, anasema aliyeichagua. Basi aliyesema ni mimi. Nilikuwa nataka ule tu. Sikujua kwamba utamfungia mtu mlango.

Mtafute yule kijana. Mwache amalize sentensi yake.

Dada yako, kama bado ninaruhusiwa kujiita hivyo,
Hortensia


Esquina
25 Julai 1982

Hortensia,

Hapa hakuna mzima, kwa hiyo tusisalimiane.

Nilikwenda Goya. Mama yake Fabián alinifungulia mlango akajua mimi ni nani kabla sijasema. Akanipa kiti, akanipa chai ya majani ya mate, akatoka. Nikamwambia kijana, "Maliza."

Akamaliza. Bomu lilianguka tarehe nne Mei, asubuhi, Anselmo akichemsha maji ya chai kwenye kopo. Hakusema neno. Fabián alikaa naye mpaka alipopoa, akamvua saa ili mimi nipate kitu cha kushika. Walimzika hukohuko. Siku niliyovuta Mnara, mwanangu alikuwa ana siku tano ardhini. Sisi tulikuwa tunauliza kesho yake, na kesho alikuwa hana.

Nikuambie kinachoniua. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia kwa uongo, lakini ninachokiona ni zile wiki saba. Nilikula, nililala, niliimba jikoni. Mwanangu amefukiwa na mama yake anaimba. Wiki hizo ulinipa wewe, na sijui nikulaani au nikushukuru, nikianza moja la pili linanikaba. Na mtu pekee aliyemshika mwanangu mkono nilimwita mwongo. Nilipomwomba msamaha alisema, "Mama, hata mimi ningeufunga mlango."

Sina mwili wa kuzika. Padri amekubali tuchimbe mahali padogo ubavuni mwa mama, tuweke sanduku la bati. Nitatia sweta, saa, na jozi yake. Ya kweli. Nyota yako hii hapa, ichukue. Mwezi nitumie kwa posta, nitausubiri. Fabián ndiye atakayebeba sanduku, hivyohivyo na magongo yake.

Wewe usije.

Mama yake Anselmo


Rosario
2 Agosti 1982

Mdogo wangu,

Nimepokea. Natumaini unakunywa japo maji.

Mwezi siutii kwenye bahasha. Nilishakutumia karata kwa posta mara moja, na umeona ilivyokuwa. Nauleta mwenyewe. Basi linaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, nitafika Jumamosi asubuhi. Ukinifungia mlango sitagonga mara ya pili. Nitauacha dirishani, palepale kijana alipoacha saa, na nitakungoja makaburini.

Dada yako,
Hortensia