Hajara, Kikundi Bado Kinakulilia

Hajara,

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaiacha. Nakaa, nainuka, nachemsha chai na kuisahau jikoni. Leo nimefunga duka mapema, pazia la mteja limebaki nusu kwenye cherehani, na wacha alalamike. Nina jambo la kukuambia na sina mwingine wa kumwambia, maana wale wengine ndio wenye jambo lenyewe.

Kikundi chetu kimekwama. Tunakutana, ndiyo, na kila mmoja bado anatoa kidogo chake kila mwezi, lakini tangu ututoke hatujampa mtu yeyote ruzuku. Watu wanakuja na mawazo yao kutoka Soweto West hapa jirani, wengine kutoka Kawangware, tunawasikiliza kwa nyuso za mazishi, kisha tunasema tutafikiria. Sisi, Hajara. Sisi tuliompa yule mzee wa Kianda pesa ya kufundisha njiwa kucheza ngoma, njiwa wakapaa siku ya kwanza wasirudi tena. Ulicheka hadi ukashika ukuta, ukasema angalau wamesafiri. Mwezi uliofuata tukampa mtu mwingine bila woga wowote.

Shida ilianza siku ile ile uliyotutoka. Presha ilikushika asubuhi, adhuhuri ukawa umekwenda, na kabla jua kuzama ndugu zako wa Makina walikuwa wamekuzika, kama dini yenu nyinyi Wanubi inavyotaka. Mimi nilipata habari mapema, nikakaa ndani na wanawake. Wenzetu walikuwa kazini. Walikuja jioni kuunda kamati ya mazishi, Hajara. Odhiambo alikuwa ameshachagua mbao za jeneza lako pale kwenye karakana yake ya Kisumu Ndogo. Kaka yako akawapokea vizuri, akawaambia mazishi yalishapita, karibuni chai. Nilimwona Odhiambo amesimama mlangoni na kofia mkononi, hajui aingie au arudi.

Unatujua sisi watu wa magharibi ya nchi. Msiba wetu hauishi bila vikao vya kila jioni, nyimbo, mabishano juu ya basi la kwenda nyumbani, na kumwona marehemu uso. Kwenu zikapita siku tatu, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Sisi tukabaki na kilio mkononi, hatuna pa kukiweka.

Basi tukakiweka kwenye kikundi. Ile leso yako ya kijani ya kujifunga uliyoisahau kwangu, Odhiambo aliitandika juu ya kiti chako cha karibu na mlango. Mwezi uliofuata akaitandika tena. Tukaanza kufungua kikao kwa maombi, halafu kila mtu anasema anachokukumbukia, na mwenye wazo anangoja huko nje juani hadi tumalize kupangusa macho. Mwanzoni nilipenda. Nilikuwa nakitazama kile kiti na kujiambia umechelewa tu, umesimama njiani unapiga soga na mtu.

Ndipo akaja Jerusa. Anauza nguo za watoto, mitumba, kule Kawangware. Mwanamke mfupi, sauti imekwaruzika kwa kuita wateja. Mvua ilimchelewesha, akaingia amelowa, viti vyote vimejaa isipokuwa hicho kimoja. Akaichukua leso, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani, akaketi.

Hajara, wazo lake lingekuua kwa furaha kama ungekuwa hujafa. Nisamehe, lakini najua ungecheka. Anataka kuunda kwaya ya wachuuzi. Si nyimbo za kanisa. Waimbe namna wanavyoita wateja: wa viatu, wa nyanya, wa dawa ya panya, kila mmoja na mlio wake. Anasema kwa miaka amekaa katikati ya makelele hayo na anajua yakipangwa yanapatana. Alihitaji spika ndogo na pesa ya kukodi ukumbi wa mazoezi. Akatuimbia kidogo, mlio wake na wa jirani yake, akibadilisha sauti. Nikajikuta natafuta macho yako, nikingoja umuulize lile swali ulilowauliza wote: "Na wewe mwenyewe, hiyo kitu inakufurahisha?"

Hakuna aliyemsikia. Wote waliitazama leso. Odhiambo akamwambia kwa upole kwamba kiti kina mwenyewe. Jerusa akauliza yuko wapi huyo mwenyewe, tumngoje? Watu wakainamisha vichwa. Akainuka, akamaliza maelezo yake amesimama. Amesimama mbele yetu, Hajara, na wewe ndiye uliyekataa katakata mtu yeyote kusimamishwa mbele yetu kama mshtakiwa. Alipoondoka wakasema hana adabu. Tukapiga kura, mkono wa kumkubali ukawa wangu peke yangu.

Tangu hapo sijatulia. Nashona nje ya mstari, nafumua, nashona tena. Nilienda kwa Odhiambo kumgombeza, na nilikuwa nimejipanga, maneno yote tayari. Yeye akaendelea kupiga randa, mimi nikaendelea kufoka, mpaka akasema bila kuinua kichwa, "Nekesa, mimi hata mchanga sikumtupia." Nilikaa juu ya mbao zake nikalia, naye akapiga randa ubao ule ule hadi ukawa mwembamba wa kutupwa.

Kisha nikaenda Kawangware kumwomba Jerusa arudi tumsikilize upya. Hakunikasirikia. Alikuwa amezungukwa na wateja, ananijibu huku anapima suruali ya mtoto kwa mkono. Akaniambia, "Dada, mimi nilikuja na idea, sikuja matanga. Kama bado mnalia, lieni kwanza. Mkimaliza mniambie."

Maneno hayo nilirudi nayo mpaka nyumbani Kianda. Hatukuwahi kulia, Hajara. Tulikuwa tunachungulia kilio tu kila mwezi, kisha tunakifunika.

Kwa hiyo jana nilimpitia kaka yako, tukampeleka Odhiambo makaburini. Alivaa suti yake ya harusi za watu. Kaka yako akamwonyesha mahali, mimi nikabaki nyuma kidogo. Odhiambo alichota mchanga, akautupa, akachota tena. Halafu akaanza kukusema kwa Kijaluo, kwa sauti, kama wafanyavyo kwao: kwa nini hukumngoja, nani alikuruhusu, mbona una haraka hivyo. Nikaogopa kaka yako atakasirika. Kumbe naye alikuwa anafuta machozi, na akamngoja Odhiambo mpaka akachoka mwenyewe. Tuliporudi njiani, Odhiambo akauliza kama yule mama wa Kawangware ana nguo za msichana wa darasa la kwanza. Nikamwambia anazo. Akasema basi nimwambie aje, atamletea kiti yeye mwenyewe.

Leso nimempa binti yako asubuhi hii. Ameifunga kiunoni akaendelea kufua.

Rafiki yangu, nakuaga sasa, maana siku ile sikukuaga. Nilikuwa nagawa chai. Nakuahidi kikao kijacho hatutaanza na wewe. Tutaanza na mwenye wazo, akae anapotaka, tumuulize kama linamfurahisha, na likitushinda kama njiwa, tutacheka na kumpa mwingine. Kesho nikifungua duka nitammalizia yule mteja pazia lake, kisha nitavuka kwenda Kawangware kumwambia Jerusa kwamba tumemaliza kulia.

Mimi bado, Hajara. Lakini nitamwambia tumemaliza.

Nekesa wako