Saa za Tiketi Si Saa za Safari

Nyumba ya kona, nyuma ya shule ya msingi,
4 Agosti

Mpendwa Chiriku,

Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu, jino la pili limekwisha toka au bado linawanyima usingizi? Sisi huku tu wazima. Goti langu linanung'unika nikipanda ngazi, ila kwa umri huu goti lisilonung'unika si langu.

Nimepata ujumbe wako kwamba likizo mtaitumia kwa mama mkwe wako, kwa kuwa kuja huku ni saa kumi na tisa na kwenda kwake ni saa tano tu. Hilo ndilo kosa la wasafiri wengi: wanashika tiketi, wanatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, basi. Wanasahau kwamba kila kiwanja cha ndege huandika saa ya kwao. Mumeo ni mhasibu, nashangaa limempita.

Tuhesabu pamoja, kama zamani pale mezani jikoni, chungwa likiwa dunia na tochi ikiwa jua. Mnaondoka saa sita mchana, mnatua huku saa moja asubuhi. Lakini sisi tuko upande wa mawio, saa zetu zimewatangulia kwa saa saba. Ziondoe: angani mtakaa saa kumi na mbili. Kwa mkweo mtafika saa kumi na moja jioni, ila wao wako upande wa machweo, saa zao ziko nyuma yenu kwa saa tano. Ziongeze: saa kumi. Basi tofauti ni saa mbili, na hizo mtoto atazilala.

Hayo ni ya ualimu. Ya moyoni ni kwamba nina wivu. Ile picha ya mkweo amempakata mtoto niliitazama, kisha nikailaza simu kifudifudi. Alikuwapo mtoto alipozaliwa, akawapo tena alipoanza kukaa. Ni mama mwema, ingawa anavyomshika utadhani amebeba trei ya chai. Lakini mimi ndiye niliyekulea mama yako alipofariki, na mtoto wako sijamnusa hata siku moja. Sasa unasema ameanza kutamka. Neno "bibi" likishapata mwenyewe, kulihamisha ni kazi.

Juzi baba yako kanitania mbele ya fundi cherehani: "Dada, wewe ni bibi wa kwenye simu." Fundi akacheka, nami nikacheka. Nyumbani chakula nilikirudisha jikoni.

Baba yako anakusalimu, na jirani yetu muuguzi pia. Mumeo msalimie, asinune. Hata mkweo mpe salamu zangu, natoa kwa moyo safi, au karibu safi. Mungu awalinde ardhini na angani.

Najua tiketi bado hamjazithibitisha. Leo hii uisomapo barua hii, kabla wakala wa tiketi hajafunga ofisi, mpigie umwambie mnakuja huku kwanza.

Akupendaye tangu ulipokuwa huwezi kufunga kamba za viatu,
Shangazi yako