Mwajuma Tumemzika Bluff

Durban, Afrika Kusini
Julai 1998

Kwako Dada Salima,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, usiisome ukiwa umesimama, maana ni ndefu na haina furaha. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji kifua chake kimetulia? Na watoto, wanakwenda chuoni au wanakusumbua? Mimi mwili ni mzima, nakula na kazini naenda. Zaidi ya hapo usiniulize kwanza.

Siku ile nilipopiga simu pale dukani mnapopokelea, sauti yako ilikuwa inakuja na kupotea. Nilisema, nikarudia, mpaka watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni ya simu wakanyamaza ingawa hawajui Kiswahili. Kisha nikamsikia Mama Mdogo ameichukua simu mkononi mwako. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Nani kamwosha mwanangu?" Kabla sijamjibu, simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Basi barua hii ni jibu lake. Umsomee Mama Mdogo polepole, na pale atakaposhindwa kusikiliza, uache, umalizie siku nyingine. Nimeona nianze tangu tulipofika, kwa sababu Mwajuma aliishi hapa pia, hakuja kufa tu.

Tuliposhuka kwenye basi la kutoka Maputo, mwanamke mmoja mwenye kapu alitusemesha kwa furaha kama anayetujua. Tukabaki kumtazama. Akarudia, akasonya, akaenda zake. Mwajuma akacheka, akasema, "Rehema, hawa sura zao ni zetu, ila vinywa vyao vimefungwa kwetu." Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Muuza nyanya, kondakta, polisi, wote wanatuanza kwa Kizulu. Ukijibu kwa Kiingereza wanakuona unajidai, kwamba wewe ni Mzulu mwenzao unayewaringia. Ukisema wewe ni mgeni, ndipo uso unabadilika, na hapo utaitwa *kwerekwere*. Wanasema ndivyo lugha zetu zinavyosikika masikioni mwao. Dukani tulimkuta Mhindi anaongea Kizulu kinachoteremka kama maji, na sisi weusi tumesimama mbele yake kama mabubu.

Mwajuma ndiye aliyeuzoea mji upesi. Kusimamisha teksi hapa kuna namna yake. Husemi unakokwenda, unainua kidole tu, na kila kidole kina maana yake. Yeye alivijua vyote nami bado nachanganya. Siku moja tulielekezwa tukate kulia tukifika kwenye *robot*. Tulitembea tunatafuta mashine yenye miguu na mikono, kumbe ni taa za barabarani. Tulicheka mpaka tukaketi ukingoni mwa barabara. Jumapili moja tukapanda hadi Morningside kutazama nyumba za wenye nazo. Ukuta na mbwa, ukuta na mbwa, mtaa mzima hakuna hata mtu mmoja barazani. Wala baraza lenyewe hakuna. Mwajuma akaninong'oneza, "Wenyewe wako wapi? Kuna msiba?"

Kazi tuliipata kwa Mama Nsimire. Huyu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alikimbia vita na wanawe, na ana saluni ndogo chini ya ngazi za jengo tunaloishi. Ni mtu wa kanisa sana. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, lakini tunaelewana. Mimi nilisuka, na Mwajuma alisimama mlangoni kuita wateja kwa mikono na kicheko. Mama Nsimire alimsuka rasta ndefu mpaka kiunoni, akasema, "Wewe ndiyo kibao changu. Watu bakikuona, batakuja." Na kweli walikuja.

Baridi ikaanza. Sikujua kwamba Afrika ina baridi ya namna ile. Jua linazama mapema, maduka yanateremsha milango ya chuma, na katikati ya mji panabaki karatasi zinazopeperushwa. Ndipo Mwajuma akaanza kulalamika kichwa na viungo. Tukadhani ni baridi. Nilimfunika kwa kanga zote tulizokuwa nazo na bado meno yakagongana.

Nilimpeleka zahanati. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika, nesi akamwuliza kwa Kizulu. Nikajibu mimi kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nesi akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Dada, kwa nini unanizungumzia Kiingereza? Wewe ni nani?"

Nikamwambia sisi ni Watanzania. Akaandika kitu, akampa vidonge vya mafua, akamwita mwingine. Sikumwambia kwamba tulipita Msumbiji na kulala njiani kwenye mbu. Hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba katika mji huu malaria si ugonjwa wa watu, kwamba hapa homa ni mafua mpaka useme vinginevyo. Kwetu hata mtoto angejua.

Mama Nsimire ndiye aliyejua. Alipanda kutuona, akamgusa shingo, akaruka nyuma. "Rehema! Hii ni palu! Ni malaria hii! Bo ku opitali balimupa nini?" Nikamwonyesha vidonge. Akashika kichwa. Alishuka mbio kutafuta kwinini kwa Wakongo wenzake, akazipata kwa mtu, lakini kila tulichompa Mwajuma alikitapika. Tukamrudisha hospitali, safari hii kubwa. Lifti ya jengo ni mbovu, tukamshusha kwa ngazi, mimi kichwani na Mama Nsimire miguuni, na majirani wakichungulia kwenye milango na kufunga. Kule alikuwapo daktari kijana aliyeuliza swali la maana: "Mmetoka wapi, na mmepita wapi?" Nilipomwambia, aliondoka anakimbia. Walimtundikia dripu, walijitahidi, nasema kweli. Lakini ilikuwa imekwishapanda kichwani. Alikuwa ananiita kwa jina la Mama Mdogo. Nikaitika. Mama Mdogo anisamehe, niliitika kwa jina lake, ili mwanawe asiite bure. Alfajiri akakata roho.

Dada, sisemi nani kamwua. Nimechoka kufikiria hilo.

Sasa sikiliza. Mzee mmoja wa chumba cha maiti aliniuliza, "Watu wake wako wapi?" Nikasema, ni mimi. Akauliza, "Na wengine?" Nikasema hakuna. Akaniambia kwa upole kabisa, bila ubaya, kwamba maiti asiyekuja kuchukuliwa na watu wake huzikwa na manispaa pamoja na wengine wa namna hiyo. Niliona tope, nikaona Mwajuma wetu katikati ya watu wasio na majina. Mimi kuosha maiti sijui. Nilikuwa mbali na chumba siku mlipomwosha bibi, mlinifukuza mkisema bado mdogo. Na peke yangu ningemgeuzaje?

Nilirudi saluni nikakaa sakafuni. Mama Nsimire akafunga mlango, akawaondoa wateja. Akawaza, akasema, "Ngoja. Iko dada moja anakuja hapa, anafunikaka kichwa kama nyinyi. Nilimusuka kwa arusi. Aliniambia kwao banaitwa Wazanzibari. Wewe unatoka Tanzania. Hao si bandugu yako?"

Wazanzibari, Durban? Nilidhani uchungu umemchanganya. Lakini alikuwa na uhakika, na alijua wanakoishi, Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Tukaenda pamoja. Tulimkuta yule msichana, Fatima, nyumbani na bibi yake. Bibi amezeeka sana, macho hayaoni vizuri, na hakutupokea kwa bashasha. Alimwuliza mjukuu wake kwa Kizulu sisi ni nani na tunataka nini. Fatima akamweleza. Bibi akauliza, na Fatima akanitafsiria: "Anauliza marehemu alikuwa anaswali?"

"Alikuwa anaswali," nikasema.

Bibi akainuka, akatafuta fimbo yake.

Dada, sijui nikueleze vipi watu hawa. Wazee wao walikuwa watumwa waliochukuliwa kwetu huko kusini na ng'ambo ya Ruvuma, majahazi yaliyowabeba yakakamatwa baharini na manowari za Waingereza, wakaletwa hapa badala ya kurudishwa kwao. Waliitwa Wazanzibari kwa sababu tu walipitishwa Unguja. Wakakaa Bluff, kile kilima kilicho kando ya bandari, vizazi na vizazi, mpaka serikali ya Makaburu ikawang'oa ikawatupa Chatsworth. Msikiti wao na makaburi yao vilibaki Bluff, na mtu wao akifa humrudisha kule.

Wanaume wao walimleta Mwajuma kutoka hospitali hadi kwa bibi. Walikuja wanawake watatu watu wazima wakanifunga kanga kiunoni, wakaniambia, "Wewe ni ndugu, utakuwa upande wa kichwa." Bibi alikaa kwenye kigoda, yeye ndiye aliyeongoza. Kikwazo cha kwanza kikawa nywele. Zile rasta zilikuwa zimebanana, maji yasingefika kwenye ngozi. Wanawake wakaanza kuhangaika na mkasi. Mama Nsimire alikuwa nje mlangoni na rozari yake mkononi. Akasema kwa sauti, "Musimukate! Ni mimi nilimusuka, ni mimi nitamufumula."

Bibi akauliza huyo ni nani. Fatima akasema ni Mkristo. Wote tukamtazama bibi. Akasema, "Basi afumue nywele. Maji tutamwaga sisi."

Mama Nsimire akavua viatu akaingia. Alifumua rasta moja baada ya nyingine, bila haraka, machozi yakimdondoka hata asiyafute, na hakuukata hata unywele mmoja wa Mwajuma. Alipomaliza akatoka nje bila kuambiwa. Na baada ya kumwosha, mimi ndiye niliyemsuka misuko mitatu ya mwisho, kama dini inavyotaka.

Tulipokuwa tunaosha, bibi akaagiza kitu. Sikutambua nimesikia lugha gani. Niliinuka nikaleta ndoo ya maji. Nilipoiweka chini niliona wenzangu wameduwaa. Alikuwa ametaka maji, lakini si kwa Kizulu wala Kiingereza. Alisema Kimakua, neno lilelile, kwa kuvuta vilevile, kama alivyokuwa akitutuma bibi yetu wa Masasi tukiwa jikoni.

Bibi akaninyooshea mkono hewani. "Nani kakufundisha?" akauliza, Fatima akitafsiri.

"Bibi yangu mzaa baba," nikasema.

"Yuko hai?"

"Hapana."

Akarudisha mkono mapajani. "Endeleeni," akasema, "maji yasipoe."

Kwa hiyo Mama Mdogo ajue: mwanawe kaoshwa na wanawake wanne wenye udhu, mmoja wao akiwa damu yake. Kaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu kulikuwa na baridi. Sanda ilikuwa mpya na nyeupe, na ubani ulikuwapo. Waliswali watu wengi nisiowajua. Kalazwa Bluff, ameelekezwa kibla sawasawa, kati ya watu ambao bibi zao walisema maneno ya bibi yetu. Upande wa chini unaonekana moshi wa viwanda na malori ya Clairwood, sitamdanganya kwamba ni mahali pazuri. Ila hayuko peke yake, na jina lake limeandikwa kwenye ubao.

Mimi nipo. Nasuka. Mlangoni sasa hakuna anayeita wateja, na Mama Nsimire hajaweka mtu mwingine. Teksi zinanipita kwa sababu nainua kidole kisicho cha njia yangu. Najua mtaniambia nirudi. Nikirudi nitapita tena njia ile ile, na sijui kama naweza kulala tena katika vile vituo nikiwa mmoja. Nipe muda.

Ijumaa ninapopata nafasi naenda Chatsworth kumkandakanda bibi miguu. Haongei sana. Wiki iliyopita aliniuliza kupitia kwa Fatima, "Huko kwenu, walikuwa wanatutaja? Bibi yangu alisema mama yake alibaki ng'ambo. Kuna aliyewahi kututafuta?"

Dada, sikuwahi kusikia watu hawa wakitajwa, si kwenye matanga, si kwenye hadithi za bibi, popote. Nikasema nitauliza. Basi waulize wazee wa Masasi, hata kama ni kwa ajili ya kumtuliza tu.

Msalimie Mama Mdogo, mshike mikono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na mjomba wetu muuza chumvi, na shangazi wa Ndanda kama ameshuka kwa ajili ya arobaini. Wabusu watoto. Mama Nsimire anawapa pole, anasema amewasha mshumaa, msikatae. Na bibi naye aliposikia naandika anatuma salamu. Nikamwuliza, nimtajie nani? Akafikiri, akasema, "Yeyote atakayeitikia."

Mdogo wako asiyekusahau,
Rehema