Namba za Kitanda cha Tano: Maelezo ya Karani wa Wodi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye karatasi ya pembeni na kufungwa ndani ya bahasha, kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 23
Kazi: karani wa kumbukumbu, wodi ya uangalizi wa karibu
Makazi: kwa mama yake, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali
Yamechukuliwa: Alhamisi, tarehe 16, saa 8:10 mchana, chumba cha upelelezi

Kabla ya yote namwomba afande, na yeyote atakayeshika karatasi hizi baada yake, asimwonyeshe mtu wa hospitali hata mstari mmoja mpaka zifike kwa hakimu. Silifichi kosa langu. Nimelileta hapa kwa miguu yangu mwenyewe. Ila katibu wa hospitali ananisubiri kesho saa tatu asubuhi nikasaini karatasi yake, na akijua nimetangulia huku, kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta ya fundi wa mtandao hazitaonekana tena. Naomba iwe siri.

Wodi yetu ina vyumba vinne, kila chumba vitanda viwili. Kando ya kila kitanda kuna monita inayopima mapigo ya moyo, presha na oksijeni ya mgonjwa. Monita zote nane zinatuma namba zake kwa waya hadi skrini kubwa iliyo kwenye meza ya wauguzi. Sauti za kengele za vitandani zilizimwa tangu mwaka juzi kwa sababu wagonjwa walikuwa hawapumziki, kwa hiyo kengele inalia mezani tu. Kazi yangu ni kukaa mezani hapo na kunakili namba za skrini kwenye daftari kila nusu saa. Naziandika kwanza kwa penseli, kisha napitisha kalamu ya wino juu yake na kufuta penseli kwa raba.

Fundi wa mtandao aliandika barua tatu kwa katibu akiomba monita zitenganishwe na intaneti ya wageni, ziwe na waya wake peke yake. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyezipokea, nikazipa namba na kuziweka kwenye faili la mambo yanayosubiri kikao. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini. Alisema, "Mlango wetu ni mmoja. Mtu akitaka kutuumiza hana haja ya kuiba. Ataleta watu elfu kumi wasio na shida yoyote wajazane mlangoni, na mwenye shida hatapita." Alipoona kikao hakikaliwi, aliniomba nimchapie tangazo. Nililichapa, nikalitia plastiki na kulibandika juu ya skrini. Linasema: NAMBA ZA VITANDA VYOTE ZIKIRUDI ZILEZILE MARA MBILI, USIIAMINI SKRINI. NENDA KITANDANI.

Afande ameniuliza kama nililielewa. Nililielewa.

Kuna jambo jingine lazima nilieleze, la sivyo yatakayofuata hayataeleweka. Mwaka jana walikuja wakaguzi. Mmoja aliweka kidole kwenye daftari, mahali ambapo kitanda cha tatu kilikuwa na 98, 98, 98, akamuuliza karani aliyekuwepo kabla yangu, "Hawa ni wagonjwa au sanamu?" Watu walicheka. Wiki ile ile karani yule alihamishiwa ghala la mafaili, na aliponikabidhi meza aliniachia wosia mmoja: "Namba isijirudie, mdogo wangu. Ongeza moja, punguza moja, haimdhuru mtu." Makarani wote wa hospitali yetu wanafanya hivyo. Sisemi ili nijitetee.

Mnamo Jumanne, tarehe 14, niliingia kazini saa 1:30 asubuhi. Saa 2:45 nilipita vyumbani kusalimia. Kitanda cha tano alilazwa fundi cherehani mstaafu, ambaye kila asubuhi aliniuliza namba zake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Mjukuu, jana nilipata ngapi?"

"Tisini na saba, babu."

"Hizo tatu kanikata nani?"

"Umekatwa kwa mwandiko mbaya."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha alinishika kola akasema imechoka, nimletee shati siku akitoka, ataigeuza upande wa pili na itakuwa mpya. "Sitaki ahsante," alisema, "nataka mia kwa mia." Nilimwambia nitaona cha kufanya.

Saa 3:00 nilinakili namba. Zilikuwa za kawaida.

Saa 3:20 mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kutapika damu. Muuguzi wa zamu, ambaye sote tunamwita Dada, alikuwa peke yake siku hiyo kwa vitanda vinane. Alipokuwa anaingia chumba cha kwanza aliniambia, "Nakuachia macho, mdogo wangu. Kitu kikilia, niite." Hakuna kitu kilicholia.

Saa 3:30 nilinakili. Kitanda cha tano kilikuwa 97.

Saa 4:00 nilinakili kwa penseli. Nilipofika kitanda cha nne niligundua kwamba naandika mstari ule ule. Nilitazama juu, nikalinganisha vitanda vyote nane. Hakuna namba hata moja iliyokuwa imebadilika. Tangazo lilikuwa mbele ya macho yangu. Kutoka mezani hadi mlango wa chumba cha tatu, alipolala yule mzee, ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu jana.

Sikwenda. Wakaguzi walikuwa waje Ijumaa, na nilichokiona mimi ni ukurasa utakaowekewa kidole. Nilipitisha wino nikiongeza moja hapa, nikipunguza moja pale. Kitanda cha tano nilikiandikia 96. Kisha nilifuta penseli.

Saa 4:30 namba zilikuwa zilezile kwa mara ya tatu. Safari hii hata sikuzilinganisha, mkono ulikuwa umeshazoea. Kitanda cha tano nilikiandikia 98. Niliongeza kwa makusudi, ili kesho yake nimwambie amepanda.

Saa 4:42 binti yake alikuja na nguo safi. Aliingia chumbani, akatoka mara moja na mfuko wake mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, baba haamki. Na mashine yake inawaka taa nyekundu." Nilitazama skrini ya mezani. Pale bado alikuwa na 97.

Nilimwita Dada, akaja mbio glavu zikiwa na damu. Alitazama kitanda, akaja kutazama skrini, akarudi kitandani. Daktari alifika saa 4:48. Alisema mzee ameondoka muda, pengine tangu kabla ya saa nne na robo. Kwa hiyo saa 4:30, nilipompandisha, alikuwa ameshakufa.

Saa 4:50 fundi wa mtandao alipanda ngazi akihema. Alisema tumefurikiwa tangu saa 3:22, maombi ya uongo yanaingia kwa maelfu kutoka kila upande kupitia intaneti ya wageni, na kompyuta yake imeandika kila dakika. Alichomoa waya mmoja ukutani. Namba za skrini ziliruka zote kwa pamoja. Vitanda saba vilipata namba mpya. Cha tano kilichora mstari.

Jumatano saa 5:00 asubuhi katibu aliniita. Daftari lilikuwa wazi mezani kwake. Alisema, "Fundi anadai skrini iligoma tangu saa tatu na dakika ishirini na mbili. Daftari lako linasema namba zilikuwa zinapanda na kushuka mpaka saa nne na nusu. Skrini iliyogoma haipandi wala haishuki. Basi kengele ililia, na muuguzi aliizima." Kisha alinipa mkono. "Kijana, mwandiko wako umetuokoa."

Aliniambia nirudi Ijumaa saa tatu asubuhi nisaini karatasi inayosema hivyo. Alimpa fundi likizo ya lazima na kuchukua ufunguo wa chumba chake. Jioni Dada alikamatwa.

Usiku wa jana sikula. Mama aliuliza nina nini, nikasema kichwa. Akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Alikuwa anazungumzia kichwa.

Leo nilipoingia kituoni nilipita mbele ya mahabusu. Dada alikuwa amesimama kwenye nondo. Hajui nilichofanya, anaamini nimekuja kumtetea. Aliniuliza, "Umekula, mdogo wangu?" Nilimwambia nimekula.

Afande ameniuliza kama kuna ushahidi kwamba namba za saa 4:00 na 4:30 ni za kutunga. Upo kwenye kompyuta ya fundi. Mwingine ungekuwa penseli iliyo chini ya wino, lakini niliifuta, na mimi nikifuta nafuta vizuri.

Nimesema nilichokiona, na nilichokiandika badala ya nilichokiona. Sina cha kuongeza wala cha kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti, akayakubali. Alisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika hatua kumi na mbili, akasema ni kumi na moja, akatia sahihi pembeni.

Saa 10:05 jioni nilifika hospitalini. Chumba cha fundi wa mtandao kimefungwa. Mtunza ghala alisema kompyuta iliyokuwemo ilisafishwa jana mchana na kupelekwa ofisi nyingine. Niliporudi kituoni nilichukua daftari tulilokabidhiwa na hospitali, nikainua ukurasa wa tarehe 14 kwenye mwanga wa dirisha. Sioni penseli.

Saa 11:20 nilimjulisha shahidi, ambaye alikuwa bado hajaondoka. Ameomba yafuatayo yaongezwe kwa mkono wake:

Nikihitajika, nisipigiwe simu ya wodini, katibu ndiye anayepokea. Nyumbani aje mtu asiye na sare, abishe mlango wa nyuma, na kama mama ndiye atakayefungua, aseme ametoka kazini kwangu. Yangu nitamwambia mwenyewe. Lakini kesho saa tatu asubuhi msinitafute nyumbani wala kwa katibu. Nitakuwa hapa nje, kwenye benchi lililo mbele ya mlango wa mahabusu, nimevaa shati hili hili. Kabla hamjaniita, naomba niachwe dakika chache na Dada, nimwambie mimi kabla hajasomewa na mtu mwingine.