Mama mkwe ameacha meno mapokezi

Shoga, uko? Mama mkwe ameniumbua hospitali!

Si unakijua kile kidonda chake cha pembeni mwa ulimi? Kila nikimuuliza, "Pini imenichoma." Fundi cherehani, miaka arobaini anabana pini mdomoni, tukaamini. Wiki ya sita sasa! Leo nikamburuta.

Yule binti wa mapokezi hata kichwa hakuinua. "Bibi, una miaka sabini na moja, na meno yenyewe ya bandia. Daktari wa meno atakutazama nini?"

Atakutazama nini!! Mbele ya foleni nzima!

Mama mkwe akavua meno, ya juu na ya chini, akayaweka juu ya daftari la yule binti. Yamelowa mate! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasema, kibogoyo hivyo hivyo: "Meno hayo hapo, baki nayo. Mimi nimeleta ulimi."

NIMELETA ULIMI, shoga!

Akaketi, hakubanduka mpaka daktari alipotoka mwenyewe. Akammulika tochi mdomoni. Akasema kidonda kikipita wiki mbili hakijapona, hakisubiriwi tena, hasa kwa mtu mzima. Akakata kinyama kidogo kikapimwe kansa. Majibu Ijumaa.

Mimi naogopa, sikufichi. Yeye njia nzima anafoka: "Ijumaa narudi, liwe liwalo. Na yule binti awe zamu, majibu ayasikie kwa mdomo huu huu alioukataa."