Wajina, Uliita Mara Moja

Wajina,

Tumefika. Naanza na hilo kwa sababu najua usingenisikiliza lingine lolote kabla ya hilo. Tumefika pale pako mistari ya ramani inapokatana, nyuzi sita kusini, nyuzi thelathini na nne mashariki, sifuri tupu mpaka mwisho. Na kama ulivyosema siku zote, hapana kitu. Vichaka na mchanga. Ungefurahi sana.

Lakini kuna jambo limetokea kule, na tangu nirudi Mwankoko sipati usingizi wa maana. Mchana huu nimezima mashine ya alizeti, wateja nimewaambia umeme unasumbua, nimekaa juu ya gunia la mashudu nikuandikie.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yako hajambo, ni miguu tu. Nikipata nafasi huwa naenda Itigi kumsalimia. Siku za mwanzo nilipobisha hodi na kusema ni mimi Rehema, alishtuka mpaka mkono ukatafuta ukuta. Sasa nasema ni mimi wa Mwankoko, naye ananiita mwanangu, na lile jina letu hatulitaji. Shuleni kwako wameleta mwalimu mpya wa Jiografia. Wanafunzi wanasema ramani anazichora vizuri ila hacheki.

Kaburi lako nimeliona. Mazishi sikuyawahi, basi lilituharibikia Manyoni, na ninyi Waislamu maiti hamuiweki, nikakuta watu wanakunja majamvi. Nikaenda makaburini peke yangu, nikasimama mbele ya kibao chenye jina langu. Wewe ungecheka. Mimi nililia, kwa sababu sikukuaga. Hilo ndilo lililonipeleka porini, wajina, si mistari yako ya ramani.

Unakumbuka mwalimu akiita majina darasani? Akisema "Rehema," wewe Mwislamu na mimi Mkristo tunaitika pamoja, "Abee!" na darasa zima linaangua kicheko. Ndipo tukaanza kuitana wajina, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Alfajiri ulikuwa ukisimama mlangoni mwa bweni na ndoo yako, ukiniita mara moja. Nami huku nafunga kanga napaza sauti: "Abee, tangulia, nakuja!" Nisipoitika, umeshaondoka, na ukirudi umenuna. Hukuwahi kumwita mtu mara mbili. Ulisema asiyesikia ana sababu zake. Nadhani hata yule mchumba wa Shelui alikimbizwa na kiburi hicho.

Na ni wewe huyohuyo uliyenifundisha sheria ya kwenu, safari ile ya kwanza ya kwenda huko, tuliyoishia njiani, pumzi ilipokukata ukasingizia jua. Ulisema kwenye vichaka vile warina asali hawaitani majina. Wanagonga mti kwa kisigino cha shoka, mara mbili, na mwenzao anajibu mara mbili. Ukisikia jina lako, nyamaza, ngoja la pili.

"Mtu ataita tena," uliniambia. "Kisicho mtu huita mara moja tu, na ukikiitika kimekupata."

Nilikutania, mwalimu mzima wa Jiografia kuamini mambo hayo. Hukucheka.

Safari hii tulikuwa watatu. Mimi, Yona wetu wa shule, ambaye sasa ana kitambi na bado anajiita mwanariadha, na kaka yako Shabani, aliyerithi mizinga ya baba yenu na lile shoka. Tuliacha pikipiki kwenye mzinga wa mwisho, tukaingia kwa miguu. Kiangazi kimekausha kila jani, lakini vile vijiti vimefungamana hivyohivyo, mwenzako akitangulia kidogo tu humwoni. Shabani akawa mbele anafungua njia na kugonga miti ili tumfuate. Yona alishika simu, ila mshale wa ramani ulikuwa unayumba, mara huku, mara kule, mwisho akaitia mfukoni. Tukafuata shoka. Ko, ko. Kimya. Ko, ko. Ndege hapana, upepo hapana, jua limesimama utosini.

Kugonga kukakoma. Tukasimama pale sauti ilipoishia, kwenye kiwazi kidogo cha mchanga, na Shabani hayupo. Yona akatoa simu aangalie tumepotea kiasi gani. Akanigeuzia kioo. Sifuri zote.

Ndipo Shabani akatokea, nyuma yetu. Alikuwa amechanika mikono, anatuuliza kwa nini tumemwacha. Mwiba ulipenya katambuga zake za tairi, akakaa kuuchokoa, akadhani tunamsubiri. Anasema tangu alipokaa hakugonga mti wowote. Yona alisema aliyegonga atakuwa kigong'ota, akacheka, na kicheko chake mwenyewe hakikumpendeza.

Nikasema basi tupige picha zako tuondoke. Pande nne, kama ulivyopiga kila ulikofika. Kaskazini. Mashariki. Kusini. Nilipogeukia magharibi, nikasikia.

"Wajina."

Si kwa nguvu. Ni kama vile ulivyokuwa ukiniita nikuletee chumvi. Ilitoka pale vijitini, karibu kabisa. Mdomo ulifunguka wenyewe, ile "abee" nikaisikia ikifika kwenye meno, na Shabani akanyanyua kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikafunga mdomo, nikangoja la pili.

Nilingoja, wajina. Yona akaniuliza vipi, akaipiga mwenyewe ile picha ya magharibi. Yeye hakusikia chochote. Shabani akanishika mkono tukaanza kutoka, nami nageuka nyuma kila hatua. Tulipokaribia pikipiki ndipo likanijia, nikakaa chini mchangani kabisa. Wewe huiti mara mbili.

Tulipofika barabarani Shabani akasimamisha pikipiki. Akanivuta pembeni.

"Dada, sauti ile naijua. Umefanya vizuri kunyamaza. Na hata ukiwa nyumbani, usije ukaitika. Kuitika kwa kuchelewa nako ni kuitika."

Sasa unaona ulivyoniweka. Nimetii neno lako na kwa kulitii nimekunyima jibu. Naogopa kama hukuwa wewe. Naogopa zaidi kama ulikuwa wewe, umesimama pale na kiburi chako, ukasema asiyesikia ana sababu zake, ukaondoka umenuna. Hapa kazini nimekuwa nikizima mashine ovyo ovyo nisikilize. Wateja wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa, na sina la kuwabishia.

Picha nimezisafisha zote nne, nitampelekea mama yako pamoja na dumu la mafuta. Yule mama simwachi, nakuahidi. Nitamsalimia, nitamkanda ile miguu, na siku yake ikifika nitawahi, hata kama ni kulala hapo nje mlangoni kwake. Mpaka hapo sina ruhusa ya kwenda popote, na wewe unalijua hilo, kwa hiyo usinifanyie haraka.

Ila siwezi kukuacha uondoke umenuna. Aliyekuwa anagonga mti kunionyesha njia hakuwa na nia mbaya nami, hilo nimeliamua mwenyewe, Shabani aseme atakavyo. Mlango nimeuacha wazi. Ile abee nitaisema kwa sauti huku naiandika, mara moja, kama tulivyozoea.

Abee, wajina. Tangulia, nakuja.

Rehema wako